Jumamosi na wanyama: maswali mnayoniuliza kila wiki kuhusu matembezi na kazi za mikono za watoto Dar

Barazani kwetu Tabata, kila Jumamosi mchana hujaa watoto: wangu watatu, wa majirani, na wale ambao sijui hata mama zao ni nani ila najua wanapenda gundi. Wazazi huniuliza maswali yaleyale kwa simu, kwa WhatsApp, hadi dukani kwa Mangi. Nimeyakusanya hapa ili nikiulizwa tena nitume ukurasa huu, nirudi kwenye mboga zangu.

Barazani tuna sharti moja: mtoto hatengenezi mnyama ambaye hajamtazama kwa macho yake. Asubuhi tunatoka, mchana tunarudi kutengeneza. Ndiyo maana nusu ya majibu haya ni ya njiani na nusu ni ya mkekani.

Sina hela ya kuwapeleka watoto Mikumi wala Saadani. Hapa mjini nitawaonyesha mnyama gani?

Anza na kunguru. Najua mnawachukia, hata mimi mmoja alishanipora kitumbua mkononi. Lakini huyu mwenye shingo ya kijivu ana kisa chake. Si mwenyeji. Aliletwa Zanzibar kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 ili asaidie kula taka, akazaana, akavuka bahari, na leo anatuamrisha. Kunguru wetu wa asili ni yule mwenye kifua cheupe, na siku hizi kumwona katikati ya mji ni bahati. Shindanisheni: atakayemwona kwanza anachagua kazi ya mchana. Halafu tazameni viota vya huyo wa kijivu, mtakuta vipande vya nyaya vimefumwa humo kama kazi ya fundi. Mwanangu wa pili alikaa wiki mbili akijenga kiota kama hicho kwa mabaki ya nyaya za umeme, na bado kiko juu ya kabati langu la vyombo. Sijapewa ruhusa ya kukitoa.

Wa pili ni mnana, yule ndege wa manjano anayening'iniza viota kwenye makuti ya minazi. Kaeni chini mtazame bila haraka. Anayesuka ni dume. Kiota kikiwa tayari hujining'iniza chini yake, anapigapiga mabawa na kupiga kelele, jike anakuja kukagua. Jike asiporidhika, kiota hicho hakina kazi tena. Dume hukivunja na kuanza upya. (Mama wenzangu hapa huwa wanacheka mpaka machozi, sisemi kwa nini.) Mkirudi nyumbani mpe kila mtoto fungu la katani au maganda makavu ya mgomba, umwambie asuke kiota kwa mkono mmoja tu, kwa sababu ndege ana mdomo mmoja. Nimejaribu mwenyewe mara nne. Nilichopata ni kitu kama sufuria iliyokanyagwa na gari.

Wa tatu ni bure kabisa: daraja la Selander, maji yakiwa yametoka. Simameni upande wa waenda kwa miguu mwangalie chini kwenye mikoko, pale Mto Msimbazi unapoingia baharini. Kuna yangeyange, kuna korongo wanaosimama kama walinzi waliosinzia, na kuna vijikaa vidogo ambavyo dume lake lina gando moja kubwa mno na jingine dogo mno. Hilo kubwa hulipunga hewani kuwaita majike. Msishuke kwenye tope, mto ule unabeba uchafu wa nusu ya mji. Tazameni kutoka juu, mkashangae, mkaondoke.

Soko la samaki la Feri linafaa kwa mtoto wa miaka minne? Si pachafu?

Ni pachafu, na panafaa sana. Hakuna mahali pengine mjini ambapo mtoto ataona jodari, taa, kolekole, changu, kamba, ngisi na pweza asubuhi moja bila kulipa kiingilio. Nendeni mapema, mnada ukiwa bado umechangamka. Mvalishe viatu vya mpira, nguo usiyoionea uchungu, na umshike mkono muda wote kwa sababu wapagazi wenye matenga vichwani hawaoni kilicho chini. Ukitaka kumwuliza mchuuzi jambo, nunua kitu kwanza, hata cha elfu tatu. Baada ya hapo atakufundisha hadi jina la mwamba alikovuliwa samaki.

Mwonyeshe mtoto pweza. Mwambie ana mioyo mitatu na damu ya buluu, kisha umwache ahesabu mikono.

Kazi ya kurudi nayo ni kupiga chapa ya samaki. Wavuvi wa Japani walikuwa wakifanya hivyo tangu karne ya 19 ili wasibishane ukubwa wa samaki waliyemvua, jambo ambalo wavuvi wetu nao wangefaidika nalo. Chukua samaki mwenye magamba makubwa, changu au perege. Mfute vizuri akauke, mpake rangi kwa brashi, lazia juu yake karatasi nyembamba au kitambaa cheupe, kisha kandamiza kwa vidole kutoka kichwani kwenda mkiani. Ukiibandua utaona gamba kwa gamba. Rangi? Nunua na ngisi wachache, omba mchuuzi asitupe kile kifuko cha wino. Wino huo unaliwa, kwa hiyo ukimaliza chapa unamwosha samaki na anaingia kikaangoni bila wasiwasi. Ukitumia rangi ya dukani, samaki huyo usimle.

Tukienda ufukweni twende saa ngapi? Kila tukienda tunakuta maji yamejaa.

Fuateni mwezi, msifuate saa. Maji hupwa mara mbili na kujaa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kiasi cha dakika 50 kuliko jana yake. Siku za bamvua, yaani karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hutoka mbali sana, na kwa hapa kwetu mara nyingi hiyo huangukia kama saa nne au saa tano asubuhi. Mwulize mvuvi yeyote, au mwulize bibi anayehesabu siku za kufunga, atakujibu bila kuangalia simu.

Mwamba ukiwa wazi, tembeeni polepole na viatu miguuni, kwa sababu wapo viumbe wa mviringo wenye miiba mirefu myeusi kama ya nungunungu, na mwiba wao ukivunjikia ndani ya kisigino Jumamosi imekwisha. Mtakutana na majongoo bahari, vijisamaki kwenye vidimbwi, na kiti cha pweza, yule mnyama mwenye umbo la nyota. Jina hilo watoto wangu hawalichoki. Wanataka kujua pweza hukalia vipi. Kiti cha pweza hana damu, mwilini mwake huzunguka maji ya bahari, na akikatika mkono huota mwingine. Msimtoe majini kupiga naye picha. Akikaa nje anaumia, na wewe picha hiyo hutaiangalia mara ya pili.

Nyumbani mfinyange kwa unga: vikombe viwili vya ngano, kimoja cha chumvi, maji kidogo kidogo hadi ushikane kama wa chapati. Tobotobo za mgongoni zinachongwa kwa uma. Anika juani siku mbili, tatu. Kama ni masika usijaribu, utaota ukungu.

Bongoyo au Mbudya?

Bongoyo mashua zinatokea Msasani, Mbudya zinatokea Kunduchi. Chagua iliyo karibu na kwako. Zote zimo katika hifadhi ya bahari ya Dar es Salaam iliyotangazwa mwaka 1975, kwa hiyo kuna ada ya kuingia, na huruhusiwi kuondoka na kombe wala tumbawe. Koti la kuelea kwa kila mtoto ni lazima. Nahodha akikuambia "mwendo mfupi tu, mama", mshukuru, ushuke, utafute mwingine.

Vipi kuhusu wanyama wa kwenye vizimba? Watoto wanataka simba.

Kigamboni ipo bustani ya wanyama, huko Mwasonga, ni mbali kiasi, kwa hiyo ifanyeni safari ya siku nzima. Na kila Julai, viwanja vya Sabasaba, banda la Maliasili huwa na wanyama hai na foleni ndefu kuliko ya mabanda yote.

Mimi na vizimba hatupatani sana, lakini sitakudanganya: mwanangu wa kwanza alimwona simba akipiga mwayo hatua chache kutoka alipokuwa, na usiku huo akachora meno kwa mara ya kwanza kama meno, si kama nyundo. Kwa hiyo nendeni. Ila jipeni kazi ya kutazama, siyo ya kupita. Dakika kumi mbele ya mnyama mmoja zinatosha kuliko kukimbia mbele ya ishirini. Mwulize mtoto: masikio yake yanageuka? Akitembea, mguu upi unatangulia? Manyoya ya shingoni yanaanzia wapi?

Swali hilo la mwisho lina faida yake mchana. Kinyago cha simba tunakata kwenye boksi la sabuni, na manyoya tunayabandika kwa katani iliyochambuliwa. Rangi ya katani ni ya simba tayari, hupaki chochote.

Mwanangu ni shabiki wa Simba, amekataa katakata kutengeneza chura. Nifanyeje?

Usimlazimishe, chura ni jina la utani la Yanga. Nyumbani kwangu baba ni Yanga, mjomba ni Simba, na ilibidi tutunge sheria kwamba chura wa barazani ni wa kijani tu, bila manjano. Amani imepatikana. Kiasi.

Makumbusho ya Taifa ina nini cha wanyama? Tulienda tukaona mafuvu tu.

Hayo mafuvu ndiyo yenyewe! Makumbusho ya mtaa wa Shaaban Robert ndiyo yaliyotunza fuvu la Zinjanthropus, jamaa wa kale wa binadamu, alilolipata Mary Leakey Olduvai mwaka 1959. Mtoto akikaa mbele ya taya zile akauliza "huyu alikuwa anatafuna nini?", mmeshafika.

Kuna mnyama mmoja wa kwetu ambaye hamtamkuta pale: yule mjusi mkubwa wa Tendaguru, Lindi. Wajerumani walichimba mifupa yake kati ya mwaka 1909 na 1913, wakaipeleka Berlin, ikaungwa, na mpaka leo imesimama huko, urefu wake kwenda juu ukipita mita 13. Huyu ndiye tunayemvunjia sharti letu la kutazama kwanza, kwa sababu nauli ya Berlin sina. Badala yake tunampima. Nunua kamba, pimeni mita 13, mwilaze uchochoroni kuanzia mlangoni kwenu. Kisha pimeni nyingine ya mita 5 kwa ajili ya twiga. Kwetu kamba ya mjusi ilipita nyumba ya jirani, ikapita genge la nyanya, na watoto wakaanza kuwaambia wapita njia "unakanyaga shingo yake". Baada ya hapo ndipo tulikata mifupa ya maboksi tukaifunga kwa uzi.

Mikumi kwa siku moja inawezekana?

Inawezekana na inachosha. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1964, na ni karibu kilomita 280 kutoka Dar kwa barabara. Tangu Juni 2024 unaweza kupanda treni ya SGR hadi Morogoro, lakini kutoka hapo bado unahitaji gari, na ndani ya hifadhi hutembei ovyo kwa miguu. Mtoto wa chini ya miaka mitano halipi kiingilio. Lala usiku mmoja kama mfuko unaruhusu. Usiporuhusu, kumbuka kwamba barabara kuu ya kwenda Iringa inakatiza katikati ya hifadhi: mkienda kusalimia Mbeya kwa basi la mchana, mkae dirishani, muwe macho. Twiga, pundamilia na swala, hata tembo, abiria huwaona kwa nauli ileile.

Vifaa mnanunua wapi? Vitu vya stationery ni ghali.

Karibu hatununui. Maboksi tunaomba dukani. Trei za mayai kwa muuza chipsi, na hizo zikikatwa mstari mmoja tayari una mgongo wa mamba. Mabaki ya vitambaa kwa fundi cherehani, naye hufurahi ukimpunguzia. Sufi ya kujazia wanasesere huuzwa na wanaoshona mito. Ndala zilizokatika kamba, kila nyumba inazo.

Gundi tunapika: vijiko vitatu vya unga wa ngano, kikombe cha maji baridi, koroga hadi mabuja yaishe ndipo uweke jikoni moto mdogo. Ikishakuwa kama uji wa mgonjwa, epua. Siku ya tatu itaanza kunuka, itupe. Rangi ya manjano tunapata kwa bizari, nyekundu kwa rozela, nyeusi kwa mkaa uliosagwa. Bizari haitoki kwenye nguo. Usije ukanilaumu, nimekuambia.

Nataka tuchore Tingatinga nyumbani. Tunaanzia wapi?

Anzieni Oysterbay, Morogoro Stores, walipo wachoraji wa ushirika wa Tingatinga. Simameni nyuma ya mchoraji, kwa adabu, muone anafuata mpangilio gani. Edward Saidi Tingatinga alitoka Tunduru akaja Dar kutafuta maisha, na mwaka 1968 akaanza kuchora kwa alivyoweza kuvipata: vipande vya hadibodi na rangi ya mafuta ya kupaka baiskeli. Alifariki mwaka 1972. Miaka minne tu ya kuchora, na leo mtaa mzima unaishi kwa jina lake.

Nyumbani omba vipande vya hadibodi kwa seremala. Watoto wa chini ya miaka minane watumie rangi ya maji ya ukutani, kwa sababu ile ya mafuta inataka tapentaini kuisafisha na harufu yake inapanda kichwani. Kwanza pakeni ubao mzima rangi moja. Moja! Hapo ndipo watoto hugoma, wanataka jua, nyumba, na bendera. Subirini ikauke kabisa, ndipo mchore mnyama kwa chaki, mkubwa kiasi kwamba mkia unakaribia kutoka nje ya ubao. Jazeni rangi, subirini tena. Nukta zinakuja mwisho, kwa kichwa cha njiti ya kiberiti au kijiti cha pamba cha masikio, na jicho ni la mwisho wa mwisho. Kosa ninaloliona sana ni mzazi kushika brashi "amsaidie kidogo". Chui wa binti yangu ana miguu mitano. Nilipomwuliza, akasema wa tano ni wa kukimbilia.

Nasikia nguo ya kanga imepewa jina la ndege. Ni kweli?

Ndivyo tunavyosimuliwa: kanga za mwanzo zilikuwa na madoa meupe kwenye giza, watu wakaona mavazi ya ndege kanga. Tafuteni kanga wa kufugwa, wapo wanaouzwa sokoni na wafugaji wa kuku, mtazame madoa yake kwa karibu, utakubali.

Kazi yake ni tamu. Chukua shuka jeupe kuukuu, kata kipande. Chapa ni bamia lililokatwa katikati (linatoa ua), kizibo cha soda, na kiazi mlichochonga. Kanga halisi ina pindo kuzunguka, mji katikati, na jina chini, kwa hiyo na ya mtoto iwe navyo vyote vitatu. Jina ndilo linalochukua muda. Mtoto wa jirani, miaka sita, aliandika: MAMA USINIITE NACHEZA.

Pweza wa soksi mnamtengenezaje?

Jaza sufi kwenye ncha ya soksi, funga kwa uzi, hicho ni kichwa. Sehemu iliyobaki ikate mikono minane, au kama unataka mikono mirefu, shonea vipande 24 vya kitambaa chini ya kichwa na kila vitatu vifumwe kimoja. Binti zangu walijifunzia kusuka nywele hapo. Wa kiume naye anasuka vizuri kuliko wote, ila hataki majirani wajue, na sasa nimemwandika hapa.

Na kobe wa kifuu?

Kifuu cha nazi kisugue kwa msasa hadi kiwe laini, kichwa na miguu kata kwenye ndala kuukuu, mtu mzima abandike kwa supagluu. Hapa huwa nawauliza watoto: ni kobe au ni kasa? Kobe hurudisha kichwa na miguu ndani, kasa hawezi, na badala ya miguu ana makasia. Kasa hupanda kutaga kwenye fukwe za kusini mwa Kigamboni, mayai kama mia kwenye shimo moja, akafukia na kurudi baharini. Baada ya siku 50 hadi 60 hivi vifaranga hutoka usiku na kufuata mwanga wa bahari, ndiyo maana taa za hoteli huwapoteza.

Watoto wameokota manyoya na makombe. Tuyatumie?

Manyoya ya kuku, bata na kanga wa kufugwa, osheni kwa sabuni mtumie. Makombe matupu ya ufukweni, nje ya hifadhi, machache. Konokono aliye hai ndani arudishwe, na msinunue yale makubwa yanayong'aa barabarani, kwa sababu hayo yalitolewa yakiwa na mwenyewe. Gamba la kasa, kucha, jino, kipande cha ngozi ya mnyamapori: msiguse. Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, kumiliki nyara bila kibali ni kosa, na polisi hawatajali kwamba mlitaka kutengeneza mkufu.

Mwanangu anaogopa mijusi. Nami pia.

Kaeni mbali, mtazame yule wa ukutani usiku karibu na taa akivizia wadudu. Hana gundi miguuni. Ana vinywele vidogo mno visivyoonekana kwa macho, ndivyo vinavyomshikilia hadi kwenye dari. Mtoto wangu mdogo aliacha kuogopa alipompa jina. Jina lenyewe ni la mwalimu wake, silitaji.

Mvua ikinyesha Jumamosi?

Masika ndiyo raha! Konokono wanapanda ukuta, vyura wanaimba mtaroni, na mvua ikikatika jioni kumbikumbi wanajaa kwenye taa ya baraza. Zimeni taa zote isipokuwa moja, wekeni beseni la maji chini yake. Asubuhi okoteni mbawa zilizodondoka, ni nyepesi kuliko karatasi ya vitunguu, mzibandike kwa gundi ya ngano kwenye boksi lililopakwa mkaa. Kumbikumbi wenyewe, bibi yangu angewakaanga kwa chumvi. Mimi nawaachia kuku wa jirani, ambao siku hiyo hufika kwetu kabla watoto hawajaamka.